Nanguruka, Nyuma ya Uwanja

Mara kumi na moja nimetua Mtwara,
mkaguzi wa mizani, begi moja na mawe ya shaba ya kupimia,
na mara kumi na moja teksi imenipokea mlangoni,
ikanipeleka Shangani, maghalani kwenye korosho, ikanirudisha.
Mtu akiniuliza, "Kusini unakujua?"
nilikuwa najibu, "Sana."

Safari hii ndege ya saa tano imeahirishwa.
Tairi, walisema. Kisha wakasema si tairi.
Kisha hawakusema tena.
Nikamuuliza Chinguile wa bodaboda:
nyuma ya huu uwanja kuna nini?
"Nyuma? Nyuma hakuna kitu."
Akafikiri.
"Kuna kwetu."

Tukafuata uzio mpaka pale waya ulipokatwa
pakawa mlango, mlango wa siku nyingi hadi umeota njia;
mbuzi wanaujua, mlinzi anaujua, hugeuza shingo.
Mikorosho ikakoma, mikoko ikaanza,
na kati yake majaruba ya chumvi,
mraba kwa mraba, yakichoma macho.

Somoe binti Mnali alikuwa anakokota chumvi kwa reki,
miguu imepauka hadi magotini.
Hakuniuliza nimetoka wapi.
"Wewe hupanda hizi?" Kidole juu, mbingu tupu.
Hupanda, mama.
"Basi niambie. Kutoka huko, sisi tunaonekanaje?"

Mara kumi na moja
nimepita juu ya kichwa cha mwanamke huyu
nikitafuta kalamu, nikifunga mkanda,
nikimung'unya pipi ya kuzibua masikio.
Siku moja niliona weupe fulani. Nilidhani mabati.
"Mabati," nikamwambia.
Akacheka hadi reki ikamponyoka.
"Twalibu! Njoo usikie! Kumbe sisi ni mabati!"
Na nyumba zote nane pale ni za makuti.

Wao ndege wanazijua.
Ya asubuhi hutikisa vikombe,
ya jioni humwamsha mtoto wa jirani,
na ile ya waheshimiwa husubiriwa kwa ngoma, upande wa pili;
vumbi lao huvuka uzio, wao hawavuki.
Walikuja wapimaji mwaka mmoja, zahanati, wakasema,
wakavuta kamba kutoka mkoko hadi mkoko.
Kamba ipo. Inaanikiwa nguo.

Tulikula ming'oko, chumvi ya pale pale,
na kwa mazoea ya kazi nikauliza kiroba kinapimwa vipi.
Akaniletea mizani ya mnunuzi, springi imechoka, uso una kutu.
Nikatoa mawe yangu, nikatundika kilo tano.
Mshale ukasoma nne, ukatetemeka, ukabaki nne.
Nikamwangalia kama mtu aliyegundua jambo.
"Tunajua, mwanangu," akasema.
"Na mwenye mizani anajua.
Ulikuwa hujui wewe."

Nanguruka haimo kwenye orodha yangu ya vituo.
Nilitafuta pa kuiandika, juu, chini, pembeni,
simu ikalia: ndege imepona.

Akanifungia chumvi kwenye kitambaa.
"Nitatandaza kanga nyekundu katikati ya jaruba.
Ukiiona, ndiyo mimi."

Kwenye ukaguzi kijana akaufungua ule mzigo.
"Nini hii?" Chumvi.
"Ya wapi?" Ya hapo nyuma.
"Nyuma hakuna kitu," akasema, akaupitisha.

Nilipewa kiti cha kulia. Ufuo ukawa kushoto.
Nikamwomba jirani anitazamie dirishani.
Unaona nini?
"Maji."
Na nyekundu? Kitu chekundu, kidogo, juu ya cheupe?
Akanitazama mimi, si dirisha.
Halafu mawingu.

Usiku ule, Tabata, mchuzi ulizidi chumvi.
Mume wangu akanywa maji, akanywa tena,
akauliza siku hizi napimia nini.
Mkono, nikamwambia.